Printa ya Volti 110 Iliyochomekwa Kwenye Umeme wa 230: Namna ya Kuifufua, Hatua kwa Hatua

Fundi yeyote wa printa Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, anaujua mzigo huu. Printa safi kabisa, imeshuka kwenye kontena kutoka Marekani au Japani, au imeletwa na ndugu aishiye nje kama zawadi ya shule. Ikachomekwa ukutani, ikalia pa!, harufu ikatoka, na sasa haiwaki hata taa. Mwenye mali anaileta akiwa ameshakata tamaa. Asikate mapema. Mara nyingi vilivyokufa ni vipande vichache vilivyo sentimita chache tu kutoka kwenye tundu la kebo, huku bodi kuu, mota na kichwa cha kuchapia vikiwa vizima. Kazi yako ni kufuata njia ya umeme kutoka kwenye plagi kwenda ndani, kipande kwa kipande, mpaka ujue madhara yaliishia wapi.

Mwongozo huu ni wa mtu anayejua kushika mita na pasi ya kulehemu. Kama hujawahi kufungua kifaa kinachotumia umeme wa ukutani, soma mpaka sehemu ya kibandiko, kisha mpelekee fundi. Utakuwa na maswali mazuri ya kumuuliza.

Kilichotokea humo ndani

Tanzania umeme wa majumbani ni volti 230, Kenya 240, zote kwa hezi 50. Marekani ni 120 kwa hezi 60 (ndizo mafundi tunazoziita 110 kwa mazoea), na Japani ni 100. Tofauti ya hezi isikusumbue, kwani pawasaplai za printa za sasa, yaani sehemu inayougeuza umeme wa ukutani kuwa volti ndogo za printa, hazijali 50 au 60. Kinachoua ni volti.

Pawasaplai huugeuza kwanza umeme wa ukutani (AC, unaogeuka-geuka) kuwa DC (unaokwenda upande mmoja) na kuuweka kwenye kapasita kubwa, kopo dogo linalohifadhi chaji. Kapasita hiyo hujaa hadi kilele cha wimbi la umeme, ambacho ni mara 1.41 ya volti tunazozitaja kila siku. Kwa 120 kilele ni kama 170, hivyo kiwanda hufunga kapasita ya volti 200 na kazi inaenda. Kwa 230 kilele ni 325. Kapasita ya volti 200 ikipewa 325 huvimba, hufumuka juu na kumwaga maji yake kwenye bodi, na yote hayo huweza kutokea ndani ya sekunde chache.

Kwenye hita ya printa ya leza hesabu ni mbaya zaidi, maana nguvu hupanda kwa mraba wa volti. Hita ya 120 ikipewa 230 hutoa joto karibu mara 3.7 ya lile lililokusudiwa. Ya Japani ya 100 huzidi mara 5.

Kinachookoa printa nyingi ni varista, kidude cha duara kinachofanana na peremende, cha buluu au njano, kilichokaa baada ya fyuzi. Volti zikizidi kiwango chake hujifunga shoti, fyuzi inakatika, na umeme hauendi mbele. Ikiwa kila kitu kilikwenda kama mwenye kiwanda alivyopanga, umepoteza varista na fyuzi tu.

Printa za nje si peke yake zinazopatwa na balaa hili. Nyutro ikikatika au kulegea kwenye nguzo, nyumba ya fezi moja inaweza kupokea volti zinazokaribia 400, na printa ya 230 iliyonunuliwa dukani hapa hapa ikafa kwa namna ile ile. Hatua zilizomo humu zinaifaa pia. Tofauti ni kwamba kapasita yake itakuwa ya volti 400 au 450, na varista itakuwa ya nambari kubwa zaidi.

Dakika za kwanza

Chomoa kebo ukutani. Kuzima kwa kitufe hakutoshi, kwa sababu kwenye printa nyingi kitufe hakikati umeme unaoingia kwenye pawasaplai. Usijaribu tena. Usihamishe kwenye soketi nyingine kuona kama itawaka. Usibadilishe fyuzi na kuchomeka papo hapo. Mara ya pili ndiyo huua kile ambacho mara ya kwanza ilikiacha.

Kama kuna moshi, peleka printa penye hewa na uache ipoe. Muulize aliyeichomeka mambo matatu: ilikaa kwenye umeme kwa muda gani, ilipiga kelele mara moja au ilinuka polepole, na je, taa ya ukutani au swichi kuu ilikatika? Mlio mmoja na kimya ni habari njema, fyuzi ilifanya kazi yake. Harufu ya polepole na moshi wa muda mrefu maana yake fyuzi ilichelewa, na vitu zaidi vimepata joto.

Soma kibandiko kabla ya kushika bisibisi

Nyuma au chini ya printa, karibu na tundu la kebo, kuna kibandiko cha umeme. Kina mojawapo ya majibu haya.

Kikisema 100–240V, printa hiyo inakubali umeme wa pande zote mbili, na volti za kawaida za ukutani siyo zilizoiua. Anza kwingine: kebo, na hasa fyuzi ndogo iliyo ndani ya plagi ya miguu mitatu. Watu huisahau fyuzi hiyo, kisha wanafungua printa nzima bure.

Kikisema 220–240V na printa ilichomekwa kwenye 110, kwa mfano ilipelekwa Marekani, kwa kawaida haikuungua. Ilikosa nguvu ya kuwaka tu. Irudishe kwenye volti zake uone.

Kikisema 100V, 110–127V au 120V peke yake, huyu ndiye mgonjwa wetu. Baadhi ya printa za matrix (zile zinazogonga utepe wa wino kwa sindano) za Epson, kwa mfano, hutengenezwa kwa matoleo mawili: la 120 linalovumilia 99 hadi 132, na la 230 linalovumilia 198 hadi 264. Kwa nje zinafanana kama pacha, na kibandiko pekee ndicho kinachozitofautisha.

Kuna jambo moja linalofanya ajali hii iwe rahisi mno. Tundu la nyuma la printa za leza na matrix ni lile lile la kompyuta za mezani, dunia nzima. Kebo ya kompyuta iliyoko kila ofisi inaingia bila kusumbua, hata kwenye printa isiyotakiwa kuuona umeme wetu.

Utengeneze au ubadilishe pawasaplai nzima?

Amua hili mapema, maana linaokoa siku nzima ya kazi.

Kwenye printa nyingi za wino, pawasaplai ni moduli inayojitegemea, boksi dogo la plastiki linaloshikwa na skrubu moja au mbili na kutoa nyaya chache kwenda kwenye bodi kuu. Hapo sitengenezi. Natafuta moduli ya modeli hiyo hiyo iliyotoka kwenye printa ya soko letu, ya 220–240 au ya 100–240, na kuifunga. Kwa tendo moja umeondoa kilichoungua na pia umeifanya printa iwe ya umeme wa hapa. Printa za mtumba zilizokufa vichwa huuzwa kwa vipande, na pawasaplai zake huwa nzima. Sharti ni kulinganisha volti za kutoka zilizoandikwa kwenye moduli zote mbili, pamoja na mpangilio wa nyaya kwenye soketi, waya kwa waya. Moduli za Epson za printa za tangi la wino hutoa volti 42. Za Canon na HP ni tofauti na hizo, na hutofautiana zenyewe kwa zenyewe. Kulingana kwa umbo hakutoshi.

Printa ya matrix ni ya kutengeneza. Pawasaplai yake ni bodi kubwa, vipande vyake vinaonekana na vinasomeka, na mashine yenyewe ni ya chuma na ya kudumu. Printa ya leza ndogo ya mtumba iliyoungua hita na bodi ya umeme kwa pamoja, na spea zake hazipatikani mjini, mrudishie mwenyewe na umwambie ukweli. Leza ya ofisi yenye kasi kubwa ni habari nyingine.

Vifaa

Mita ya kidijitali yenye kipimo cha dayodi na mlio. Pasi ya kulehemu ya wati 40 hadi 60, risasi na pampu ya kunyonya. Bisibisi ya nyota, na ya Torx kwa printa za HP. Rezista ya kilo-omu 2.2 ya wati 10, miguu yake ikiwa imefungwa kwenye waya wenye mpira. Holda ya taa na balbu ya zamani ya waya, ya wati 60 au 100. Balbu ya LED haifai kabisa kwa kazi hii. Transfoma ya kushusha 230 kuwa 110. Spiriti na mswaki mkuukuu. Miwani ya kukinga macho, kwa sababu kapasita iliyovimba inaweza kufumuka usoni wakati wa majaribio.

Kufungua na kumwaga chaji

Piga picha kwa simu kila unapofungua tabaka. Nyaya na utepe wa bodi vina tabia ya kufanana vikishachomolewa.

Pawasaplai ikishaonekana, usiiguse. Tafuta kapasita kubwa kuliko zote, upande wa kebo ya ukutani. Weka mita kwenye DC, kipimo cha volti 600, na upime miguu yake miwili. Watu hudhani printa iliyokufa haina umeme. Kinyume chake, printa inayofanya kazi humaliza chaji hiyo yenyewe baada ya kuchomolewa, lakini iliyokufa huweza kukaa nayo muda mrefu kwa kuwa hakuna kinachoila. Ukikuta zaidi ya volti 5, gusisha rezista yako kwenye miguu yote miwili kwa sekunde 10, kisha pima tena. Usiipige shoti kwa bisibisi. Cheche inaweza kutoboa njia za bodi na kuongeza ulichokuja kutengeneza.

Fuata umeme unavyoingia

Kila kipimo hapa kinafanywa printa ikiwa imechomolewa na kapasita ikiwa tupu.

1. Fyuzi. Kabla ya kuipima, itazame. Kama ni ya kioo na kioo ni angavu, waya umekatika tu katikati, ilizidiwa kidogo kidogo na huenda madhara ni madogo. Kama kioo kimekuwa cheusi au kimepakwa kama kioo cha kujitazamia, kulikuwa na shoti kali mbele yake, na lazima uipate kabla ya kuweka fyuzi mpya. Fyuzi ya kauri huioni ndani, ipime kwa mlio. Ikiwa fyuzi ni nzima na printa imekufa, usifurahi bado: kuna kitu kimekatika mbele yake badala ya kupiga shoti.

2. Varista. Ikiwa imeungua utaiona: ngozi imepasuka, ubavuni kuna masizi, wakati mwingine imebaki miguu tu. Nambari yake husomwa hivi: tarakimu mbili za mwanzo, kisha idadi ya sifuri. Kwa hiyo 221 ni volti 220, na 471 ni 470. Printa za 120 hubeba za kama 221, 241 au 271; za 230 hubeba 431 au 471. Ing'oe, kisha pima tena mahali ilipokuwa. Kama shoti imeondoka pamoja nayo, una bahati, na mengine yote yanawezekana kuwa mazima.

3. Themista ya kuzuia mshtuko wa kuwasha, kidude cheusi au kijani cha duara. Ikiwa baridi inaonyesha omu chache, kama 5 hadi 10. Ikionyesha haipitishi kabisa, imekatika.

4. Dayodi nne, au kipande kimoja chenye miguu minne kilichozibeba zote. Weka mita kwenye dayodi. Kila moja ipitishe upande mmoja tu kwa kama 0.5 hadi 0.7. Kati ya miguu miwili ya AC isipite upande wowote. Ikilia huko, ing'oe na uipime ikiwa nje.

5. Kapasita kuu. Hii, kwenye printa ya 120 iliyopitiwa na 230, naibadilisha hata ikionekana nzima kabisa. Kapasita iliyoonja volti zilizozidi uwezo wake huweza kupima vizuri mezani, kisha ikafumuka baada ya wiki mbili kwa mteja. Weka yenye mikrofaradi zile zile, volti sawa au zaidi, na ya nyuzi 105. Angalia urefu wake kabla ya kununua, kwani kifuniko lazima kirudi. Mstari wa hasi (−) uingie upande wa hasi wa bodi. Ukiigeuza, utajua mara utakapowasha.

6. Mosfeti, swichi ya kielektroniki inayokatakata umeme kwa kasi, ile iliyofungwa kwenye kipande cha aluminiamu karibu na transfoma ndogo ya bodi. Pima mguu wa kati na wa mwisho. Mita ikilia, mosfeti imekufa, na haikufa peke yake. Fuata mguu wake wa mwisho utakuta rezista nene ya chini ya omu moja au zaidi kidogo: huenda imekatika. Fuata mguu wa kwanza utakuta rezista ndogo inayokwenda kwenye aisii (chipu) ya kuiendesha: ipime nayo, na uichukulie aisii hiyo kuwa imeguswa. Badilisha mosfeti, rezista hizo na aisii kwa pamoja. Ukiweka mosfeti mpya peke yake, itakatika ndani ya sekunde, na utarudi dukani kununua nyingine. Ikiwa aisii imepasuka na nambari haisomeki, hapo ndipo natafuta pawasaplai nzima.

7. Upande wa pili wa transfoma. Kuna dayodi moja au mbili nene na kapasita ndogo za kutoa. Pima kama kuna shoti kati ya kila laini ya kutoa na graundi. Kwa kawaida utakuta pazima. Transfoma na optokapla, aisii ndogo yenye miguu minne inayovuka mstari kati ya pande mbili, hutenganisha kabisa umeme wa ukutani na bodi kuu, na ndiyo sababu bodi kuu hunusurika. Optokapla ikiwa imeungua, ibadilishe bila kubishana nayo.

Sasa safisha. Maji ya kapasita yaoshe kwa spiriti na mswaki. Mahali bodi ilipogeuka nyeusi pakwangue mpaka uone rangi safi ya bodi yenyewe, kwa sababu masizi hupitisha umeme. Nimeona bodi zenye vipande vipya vyote zikiungua tena kwa ajili ya kijistari cheusi kisichozidi upana wa punje ya mchele.

Fyuzi mpya iwe na ampea zile zile, volti zile zile, na herufi ile ile. T ni ya kukatika taratibu, F ni ya haraka. Waya mmoja uliochunwa kutoka kwenye kebo siyo fyuzi, hata kama jirani yako wa duka amekuwa akifanya hivyo miaka yote. Na vipande vya kuuziwa kwa bei ya kutupa vipime kwanza: kapasita feki yenye kapasita ndogo ndani yake ipo sokoni, na uzito wake mwepesi huitaja.

Kuwasha kwa mara ya kwanza, kupitia balbu

Mafundi wengi wanaijua balbu ya majaribio: unaiunga mfululizo na kifaa, kukiwa na shoti balbu inawaka sana na kifaa hakiungui. Lakini kwa printa ya 110 kuna mtego. Balbu hupunguza umeme pale tu kifaa kinapoula sana. Pawasaplai ikiwa nzima na imetulia, inakula kidogo, balbu inazimika, na volti karibu zote 230 zinaifikia printa. Umeirudia ajali ile ile, safari hii kwa mikono yako. Kwa hiyo mpangilio ni huu: ukuta, transfoma ya kushusha, balbu, kisha printa.

Kabla ya kuunga, pima kwa mita volti zinazotoka kwenye transfoma. Zisome kwenye mita, si kwenye maandishi ya boksi. Kisha:

Tenganisha pawasaplai na bodi kuu. Kwa printa ya leza, tenganisha pia hita, vinginevyo hita itaiwasha balbu na utadhani kuna shoti. Vaa miwani, simama upande, washa.

Balbu ikimulika mara moja na kuzimika au kubaki hafifu sana, kapasita imejaa na hakuna shoti. Ikibaki inawaka vile vile, zima. Kuna kitu bado kimefunga, rudi kwenye hatua ya 4 na ya 6. Kumbuka kuwa balbu ya 230 kwenye umeme wa 110 haing'ai sana hata shoti ikiwepo. Itakuwa na wekundu wa mkaa, na huo ndio mwako wake kamili hapa.

Kisha pima volti za kutoka. Leza hutoa 24 na nyingine ndogo ya 5 au 3.3. Baadhi ya pawasaplai za wino hulala zikiwa hazijaungwa na bodi na kutoa volti pungufu, kwa hiyo ukikuta kiasi kidogo kilichotulia, siyo lazima iwe mbovu. Volti zinazopanda na kushuka kwa mdundo, tik, tik, tik, zinaonyesha pawasaplai inajaribu kuanza na kuzuiwa. Mara nyingi ni dayodi ya upande wa pili, kapasita ndogo ya kulisha aisii, au optokapla.

Volti zikiwa sawa, zima, mwaga chaji, unga bodi kuu, rudisha kupitia balbu. Taa za paneli zikiwaka na kichwa kikajisogeza, toa balbu na uwashe kupitia transfoma peke yake.

Leza: usisahau hita

Fyuza ni sehemu ya joto inayoyeyusha tona kwenye karatasi. Hita yake hulishwa umeme wa ukutani moja kwa moja, haipiti kwenye pawasaplai. Ndiyo maana leza hutengenezwa kwa volti moja hata pale wino za kampuni hiyo hiyo zinapokubali 100–240.

Chomoa fyuza na upime hita kwenye soketi yake. Hesabu rahisi inasaidia: hita ya kauri ya wati 800 kwa volti 120 ina omu kama 18, na ya wati hizo hizo kwa 230 ina omu kama 66. Kwa hiyo hata bila kibandiko unaweza kujua umeshika ipi. Ikiwa fyuza inatumia taa ya halojeni, usitegemee namba hizo, kwa sababu taa baridi husoma omu chache sana. Hapo angalia tu kama inapitisha. Isipopitisha, huenda ni hita au ni fyuzi ya joto iliyomo kwenye fyuza. Fyuzi hiyo ya joto isirukwe kwa waya. Ndiyo inayozuia karatasi kuwaka moto.

Kisha pima triaki iliyo kwenye bodi ya umeme, inayoiwasha na kuizima hita. Miguu yake mikuu miwili ikilia, imefunga, na fyuza yoyote mpya utakayoweka itawaka moja kwa moja bila kuzimika. Triaki iliyofunga lazima iondoke kabla ya fyuza kurudi. Ibadilishe pamoja na optokapla yake.

Printa za HP LaserJet zikilalamikia fyuza hutoa kosa linaloanza na 50. Baada ya ajali ya volti, kosa hilo likibaki ilhali hita ni nzima, tazama triaki, relei (swichi ya sumaku) na themista ya fyuza, yaani kipima joto chake. Themista nzima husoma kilo-omu nyingi ikiwa baridi na hushuka ukiipulizia pumzi ya moto.

Mtu akitaka leza ya 110 igeuzwe iwe ya 220, inawezekana kwa modeli zilizouzwa pande zote mbili: unabadilisha bodi ya umeme na fyuza, vyote viwili pamoja. Namba za spea za fyuza ya 110 na ya 220 hukaribiana sana, mara nyingine hutofautiana tarakimu ya mwisho tu, kwa hiyo soma polepole unapoagiza. Ukichanganya, fyuza ya 220 kwenye bodi ya 110 itatoa kama robo ya joto na tona itafutika kwa kidole. Fyuza ya 110 kwenye bodi ya 220 itaungua. Sishauri kubadilisha kapasita na varista pekee kwenye bodi ya 110 ukatarajia iwe ya 220. Mosfeti, transfoma na hesabu zote za bodi hiyo zilipangwa kwa volti za kule.

Printa za risiti na adapta zake

Hizi huungua kwa njia nyingine. Adapta yake kwa kawaida inakubali 100–240, lakini hupotea, na muuzaji akaazima ya laptopu ya volti 19 au ya king'amuzi ya 12. Printa inayotaka 24 ikipewa 12 haiungui; huchapa hafifu au hujizima kila inapokata karatasi. Tatizo ni kinyume chake: kifaa cha 9 au 12 kikipewa 24, au adapta iliyogeuzwa ncha ya ndani na ya nje. Fungua uangalie fyuzi ndogo ya bodi na dayodi ya kinga vilivyo nyuma ya tundu la adapta. Dayodi ikiwa imefunga shoti, ilijitoa mhanga na printa huenda ikapona kwa kuzibadilisha hizo mbili. Mashine ya EFD au ETR, ile ya risiti za kodi, usiifungue. Ina lakiri, na ni ya fundi wa wakala aliyeidhinishwa.

Itaishi kwa umeme gani kuanzia sasa

Printa ya 110 iliyopona bado ni ya 110. Inahitaji transfoma yake, na ukubwa wake unatoka kwenye kibandiko: zidisha ampea kwa volti. Leza iliyoandikwa ampea 7 kwa 120 inafika wati 840, na kwa kuwa hita huvuta kwa mshtuko, chukua transfoma ya wati 1500 hadi 2000. Wino au matrix haihitaji hata robo ya hiyo. Iwe transfoma ya kweli, nzito ya chuma na koili. Vile vijiboksi vyepesi vya kusafiria vilivyotengenezwa kwa pasi na mashine za kukaushia nywele hukata wimbi la umeme vipande vipande na vitairudisha printa mezani kwako.

Printa ya Japani ya volti 100 ipewe transfoma yenye tundu la 100. Ile ya 110 ikiwa ukutani kuna 240 hutoa karibu 115, na hiyo ni nyingi mno kwake. Transfoma izimwe ukutani jioni, kwani hula yuniti za LUKU hata printa ikiwa imelala.

Chapisha kurasa 30 mfululizo, kisha gusa transfoma na unuse mgongo wa printa. Joto la kuvumilika kwa kiganja ni sawa. Kisha andika VOLTI 110 TU kwa wino mwekundu na ugandishe juu ya tundu lenyewe la kebo, kiasi kwamba mtu hawezi kuchomeka bila kukibandua. Kebo iliyokuja na printa, yenye plagi ya Marekani, usiikate: iache iwe inaingia kwenye transfoma tu.